Omu Hamsini na Mbili

Bi Aune Lahtinen alinipigia simu alfajiri:
"Sakafu ya bafu imekufa.
Paka ndiye aliyejua kwanza."
Thunder Bay, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
ufunguo wa gari uliniuma vidole kama siafu.

Paka yuko juu ya friji, amejikunyata,
ananitazama kama mwenye nyumba amtazamavyo dalali.
Wiki tatu hajakanyaga kigae.

Mafundi wawili wameshapita.
Wa kwanza kabadilisha kidhibiti joto cha ukutani,
wa pili kakibadilisha tena, kachukua hela, kaaga.
Na kila ukibonyeza, taa nyekundu inachomoza,
tak!
Kilinzi kidogo cha ndani kinakata umeme,
hakitaki mtu afe na taulo kiunoni.

Mimi sianzi na kubadilisha.
Nazima kwenye boksi kuu, natia kufuli, ufunguo mfukoni,
kisha napima kama kweli umezimika,
maana umeme haupigi hodi.
Skurubu mbili, na nyaya tatu zinachungulia:
mweusi, mwekundu, na ule mtupu uliosukwa kama ukili.

Mweusi kwa mwekundu: omu hamsini na mbili,
kama kibandiko kinavyosema.
Basi waya haujakatika.
Mweusi kwa ule mtupu:
hapo palitakiwa pawe kimya kabisa.
Mita ikasema kumi na saba.
Nikahamia mwekundu. Thelathini na tano.

Jumlisha mwenyewe, msomaji.
Ni hamsini na mbili ileile, imegawanywa na kidonda,
na kidonda kiko theluthi ya njia
ukianzia upande wa mweusi.

"Una picha," nikamwuliza, "ya siku waya ulipolazwa?"
Akaleta kopo la biskuti.
Marehemu Eino kapiga magoti, kageuza uso kwa kamera,
mbele yake waya wa buluu unakwenda, unarudi,
matuta ya shamba lisilopandwa kitu.
Nikayafuata kwa ncha ya penseli, tuta kwa tuta.
Penseli ikasimama chini ya choo.

"Choo hiki si cha kwenye picha."
Kimya.
Bi Aune akakunja kitambaa cha vyombo, akakikunjua.
"Kiangazi. Reijo, mtoto wa dada yangu. Kijana mwema.
Hana kazi tangu kinu cha karatasi kifungwe."
Kisha, taratibu:
"Wale wengine hawakuuliza."

Mficha maradhi... nikaumeza msemo.
Mdogo wangu kule Muheza
aliiunga pasi ya mama kwa waya wa redio.
Pasi ikaungua, na mimi nikasema ni panya.

Tuliking'oa choo, maji yakatulowesha magoti.
Skurubu hii hapa, ndefu kama kidole cha kati,
pale palipotosha urefu wa kidole cha mwisho.
Kiangazi iliuchubua waya tu.
Kila aliyeketi akaisukuma kidogo, bila kujua,
mgeni, jirani, mwenye nyumba,
hadi ikafika kwenye shaba.

Nikavunja kigae kimoja, nikakata, nikaunga,
nikavisha kiungo koti lake, nikalipasha moto likabana.
Mweusi kwa mwekundu: hamsini na mbili.
Mweusi kwa ule mtupu: mita haikusema kitu,
nami hicho ndicho nilichotaka kusikia.

Kwenye risiti niliandika: waya ulijeruhiwa.
Sikuandika na nani.
Bi Aune akaiosha ile skurubu kwa sabuni,
akaikausha, akaitia kwenye kopo la biskuti, juu ya Eino.

"Siku saba gundi ikauke," nikasema mlangoni. "Usiwashe."
Paka hakushuka.
Siku saba, nikamwambia naye.